Kumkataza mgonjwa wa moyo asinyanyuke, tunamuuguza au tunammaliza?

Kijana_Kikwajuni
Asalam aleikum wadau. Mie ni mtu wa fiziotherapia, kazi yangu zaidi ni waliopooza na waliovunjika, lakini siku hizi naletewa sana wagonjwa wa moyo na wote wanakuja na hadithi moja. Mzee kapata shambulio la moyo, kapelekwa spitali, Mungu kajaalia karudi nyumbani, basi hapo ndo inaanza serikali ya watoto. Baba usinyanyuke. Baba maji utaletewa hapohapo. Baba hata msikitini usende, swali kitandani. Wanafanya kwa mapenzi sikatai, ila baada ya miezi miwili mzee akisimama miguu inatetemeka kama ndama, akifika uani anatweta, na watoto wanasema mnaona moyo umezidi, mrudisheni ndani. Akipimwa moyo uko vilevile alivyotoka nao spitali, kilichopotea ni nyama ya mapaja.

Na msidhani ni ushamba wetu wa visiwani. Ulaya na Marekani nako zamani aliyepata shambulio analazwa chali wiki sita, analishwa, ananawishwa, hofu ilikua kwamba akijitikisa ukuta wa moyo utapasuka. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, wakaandika kuwa wao wagonjwa wao wanawakalisha kwenye kiti siku za mwanzo tu. Kiti jamani, hata kutembea bado, na wenzao waliona wanataka kuua watu! Kumbe kule kulala ndo kulikua kunaua, damu inaganda miguuni, bonge likichomoka linakwenda kuziba mapafu.

Halafu 1966 kule Dallas wakachukua vijana watano wa miaka 20, wazima hawana kitu, wakawalaza kitandani wiki tatu. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni ukashuka robo na zaidi. Wiki tatu tu. Vijana haohao wakatafutwa tena miaka 30 baadae wana miaka 50 na vitambi vyao, ikaonekana miaka 30 yote haikuwashusha kiasi walichoshushwa na zile wiki tatu za kitanda. Sasa ikiwa kitanda kilimfanya hivo kijana wa miaka 20, huyo babaako wa miaka 68 unamfungia ndani miezi miwili unategemea nini?

Nataka tulijadili hili, na wenye wagonjwa majumbani waulize.

Konda_wa_502
Waaleikum salaam. Mimi nilisikia kuna mzungu alipima makonda na madereva akakuta makonda mioyo yao mizima, kweli hiyo au porojo za mtandaoni? Maana kama ni kweli mshahara wangu mdogo unafidiwa na kitu hahaha

Kijana_Kikwajuni
Kweli kabisa yakhe, Jerry Morris, London, ilitoka 1953. Mabasi ya ghorofa, dereva kakaa kutwa nzima na konda anapanda anashuka ngazi kukata tiketi, mamia ya vidato kwa siku. Makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na waliopata hawakufa ghafla kama madereva. Akenda kwa watu wa posta akakuta vivohivo, wanaotembeza barua kwa miguu na baskeli wako afadhali kuliko makarani wa mezani. Ila wewe konda wa daladala umening'inia mlangoni unapiga bodi, hesabu yako ntaihesabu vyengine.

Sharifu_mbishi
Hapo ndo mnapodanganyana. Labda mtu mnene mwenye moyo mbovu toka mwanzo ndo anachagua udereva kwasababu anakaa, na mwembamba mzima anachagua ukonda. Basi si ngazi zilizomponya, ni yeye alikua mzima kabla hajaajiriwa.

Kijana_Kikwajuni
Sheikh Sharifu hoja yako ina uzito na Morris mwenyewe aliiona. Baadae alikwenda kuangalia vipimo vya suruali za sare walizopewa wafanyakazi, na madereva viuno vyao vilikua vikubwa kuliko makonda, hata wale vijana. Yaani tofauti nyengine walikuja nayo kazini. Ndo maana mabasi peke yake hayatoshi, unahitaji watu wagaiwe kwa bahati nasibu, hawa wafanye mazoezi hawa wasifanye, wote wanaendelea na dawa zao, halafu unahesabu nani kafa nani kalazwa. Hayo majaribio yapo mengi, na mwaka 2016 watu wa Cochrane, kazi yao kukusanya na kuchambua tafiti za tiba, wakayakusanya, majaribio 63, wagonjwa wa mishipa ya moyo 14,486. Waliokufa kwa ugonjwa wa moyo walikua asilimia 10.4 kwa wasiofanya mazoezi, na 7.6 kwa waliofanya. Kulazwa tena spitali kulitoka asilimia 30.7 kukashuka 26.1. Vifo vya sababu zote ukivijumlisha pamoja havikuonesha tofauti, na hilo nalisema makusudi kwasababu kuna watu huku mitandaoni wanauza mazoezi utadhani maji ya zamzam.

Mr_Gym_Kwerekwe
Bro mimi nina gym, wagonjwa wa moyo waje nitawapiga ile ya 4x4, dakika nne unasukuma mapigo mpaka asilimia 90 ya kiwango chake cha juu, dakika tatu unapoza, mara nne. Utafiti wa Norway ulionesha moyo uliochoka unarudi. Haya mambo ya kutembea tembea ni ya kupoteza wakati

Kijana_Kikwajuni
Utafiti unaousema naujua, Wisløff, 2007, na matokeo yalikua ya kutisha kwa uzuri, uwezo wa oksijeni ulipanda asilimia 46 kwa waliofanya ya nguvu na asilimia 14 kwa waliofanya ya wastani. Lakini je ulisoma walikua watu wangapi? 27 wote. Gawa makundi matatu uone kila kundi lina watu wangapi. Ikabidi warudie kwa watu wengi, 261, spitali za nchi mbalimbali za Ulaya, ikatoka 2017 kwa jina la SMARTEX. Ile ya nguvu haikuishinda ya wastani. Na wengi walioambiwa wafike asilimia 90 hawakufika, na wa wastani wengine walizidisha, binadamu ndo binadamu. Mie sisemi ya nguvu ni haramu, wapo wanaoiweza wakiwa na msimamizi na kipimo cha umeme wa moyo kifuani, lakini wewe uletewe mgonjwa Kwerekwe hana hata cheti cha eko, kile kipimo cha picha ya moyo, umsukume asilimia 90, mazoezi ya aina hiyo mie siyasimamii.

Halafu jengine. Wagonjwa wengi wa moyo wanakunywa dawa zinazoshusha mapigo, angalia boksi limeandikwa atenolol au bisoprolol au carvedilol. Huyo ile hesabu yenu ya kutafuta mapigo ya juu, 220 toa umri, haimfai hata kidogo, mapigo yake hayapandi huko, ukimlazimisha yafike utamwangusha. Sisi tunatumia kipimo cha Gunnar Borg msweden, namba 6 mpaka 20, mgonjwa mwenyewe anasema anajiskia kachoka kiasi gani, tunamweka kwenye 11 mpaka 13. Asiyetaka namba, atembee kiasi aweze kusema sentensi nzima lakini asiweze kuimba kasida.

Mr_Gym_Kwerekwe
Sawa dokta nimekuelewa, basi wa vyeti tu ndo nitawapokea

Sharifu_mbishi
Na wanaoanguka uwanjani wakafa? Kila mwaka tunaskia fulani alikua anacheza mpira wa maveterani kaanguka. Hayo mazoezi yenu hamyasemi upande wa pili.

Kijana_Kikwajuni
Tunausema. Anayeanguka mara nyingi ni mtu wa miaka 50, wiki nzima kakaa ofisini, Ijumaa jioni kavaa viatu kakimbia kama ana miaka 18, na mishipa yake ina mafuta hajawahi kupima. Hatari ipo kwenye ule ughafla, mwili ambao haujazoea unapigwa kazi kubwa kwa mara moja. Hata yale mazoezi ya tarehe mosi Januari pale Amaan, napenda sana, lakini mtu asianzie hapo akamalizia hapo mpaka Januari nyengine.

Kwa waliokwisha kuumwa, utafiti mkubwa ni HF-ACTION, ilitoka 2009, wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa, na hao si wagonjwa wa mchezo, moyo unasukuma asilimia 35 ya damu iliyomo ndani yake au chini ya hapo. Nusu wakafanyishwa mazoezi, mwanzo chini ya uangalizi, vipindi 36, baadae nyumbani wakapewa mashine. Swali la kwanza lilikua je yanaua? Jawabu hapana, yalikua salama. Swali la pili je yanapunguza kufa au kulazwa? Hapa ndo nataka mnisome vizuri. Waliofanya asilimia 65 walikufa au walilazwa, wasiofanya asilimia 68. Tofauti ndogo kiasi kwamba kihesabu inaweza kua bahati tu. Walipozingatia nani aliingia akiwa hali mbaya zaidi, ikatoka faida ya asilimia 11. Maisha yao, maana yake kupumua, kutembea, kufanya shughuli, yakawa bora kidogo na yakabaki hivo. Na wengi hawakufikia zile dakika 120 kwa wiki walizoambiwa, kwahivo tumepima mazoezi pamoja na uvivu.

Mimi kwa maoni yangu hiyo ndo sura halisi ya hili jambo. Faida ipo, ukubwa wake ni wa kawaida, na haiji bila kuendelea.

mama_wa_Wete
Assalam aleikum, nimesoma yote. Mimi nnaye mamkwe, umri kama miaka 70, moyo umetanuka na ulijaa maji, tulimpeleka mpaka Dar pale taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, karudi na dawa zake anakunywa alhamdulillah miguu imenywea. Lakini kutoka chumbani mpaka jikoni anapumzika njiani. Huku Wete hatuna mashine wala gym ya wanawake, na nyumba yetu iko mlimani ukitoka tu mlango ni kushuka na kurudi ni kupanda. Na yeye hataki kuonekana barabarani anatembeatembea bure bila ya safari, anaona watu watamsema. Tumfanyeje?

Kijana_Kikwajuni
Waaleikum salaam dada yangu, mpe pole bi mkubwa. Kwanza huyo ndo hasa mtu anayehitaji, na mlima msimwanzie nao. Anzeni ndani.

Mtie kiti imara kisicho magurudumu kiegemee ukuta. Asimame akae, asimame akae, bila ya kujisukuma na mikono kama anaweza, mara tano tu. Apumzike. Mara tano tena. Hilo peke yake ni zoezi la mapaja na ndo litakalomfikisha jikoni. Halafu ukumbini, pimeni hatua kutoka ukuta hadi ukuta, atembee dakika tano, asubuhi na jioni, na hizo dakika tano zikimshinda afanye mbili apumzike afanye mbili. Kila wiki ongezeni dakika moja au mbili. Akifika dakika 20 au 30 bila ya shida, hapo ndo tufikirie mlima, na kwa kushuka kidogo kwanza kwasababu atakachoshuka atakipanda. Na asianze kwa kasi wala asikate ghafla, dakika chache za taratibu mwanzo na mwisho, ukikata ghafla damu inabaki miguuni anapata kizunguzungu.

Msidharau hayo ya kiti. 2021 ilitoka utafiti wa REHAB-HF, wazee 349 wa miaka 60 kwenda juu waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi, wakaanzishiwa wakiwa bado wodini, na hawakuanzishwa na kukimbia, walianzishwa na kusimama, kujimudu wasianguke, kutembea, na nguvu za miguu. Baada ya miezi mitatu walijimudu vizuri kuliko wenzao. Kulazwa tena hakukua na tofauti ya kuaminika, lakini mzee anayekwenda chooni mwenyewe na mzee anayebebwa, nyumba inajua tofauti.

Sasa masharti. Apimwe uzito kila asubuhi akishatoka msalani kabla ya chai. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, au miguu ikaanza kuvimba, au usiku hawezi kulala bila ya mito miwili mitatu, mazoezi yanasimama na mnamrudisha spitali, maji yanarudi huyo. Kifua kikimbana, kizunguzungu, mapigo yanaruka ruka, asimame hapohapo. Na dawa asiache hata moja eti kwasababu anatembea.

La kusemwa na watu, hilo mtafutieni safari. Mpelekeni akamjulie hali jirani kila jioni nyumba ya pili.

mama_wa_Wete
Hiyo ya safari ndo itamfaa wallahi, kwa bi Mkongwe kila siku anataka kwenda sisi ndo tunamkataza.

Mpemba_asili
Nna swali tofauti. Mimi nikitembea kutoka soko la Chake kupandisha, kama hatua mia mbili hivi misuli ya shavu la mguu wa kulia inanibana utasema imekazwa kwa kamba, nikisimama dakika mbili inaachia, nikitembea tena inarudi palepale. Nilivuta sigara miaka mingi, nimeacha. Watu wananambia ni baridi ya mifupa nisitembee sana nipake mafuta ya karafuu.

Kijana_Kikwajuni
Kaka yangu hiyo ya kubana kwa hatua zilezile na kuachia ukisimama haifanani na baridi ya mifupa, nenda kapimwe mishipa ya damu ya mguu. Wanalinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, kipimo chepesi. Sigara na sukari ndo wazazi wake. Na mwambie daktari akuangalie moyo pia, mafuta yakiwa kwenye mshipa wa mguu mara nyingi na kwengine yapo.

Ikiwa ndo yenyewe, dawa yake mojawapo ni kinyume cha ulichoambiwa. Unatembea mpaka misuli ya shavu la mguu ianze kubana na ibane kweli, unasimama iachie, unatembea tena, hivohivo nusu saa mpaka dakika 45 ukijumlisha na vituo, angalau mara tatu kwa wiki, miezi mitatu. Watu wanashangaa kwanini mpaka iume. Kuna utafiti wa Marekani unaitwa LITE, 2021, watu 305 wenye hali hiyo, kundi moja lilitembea taratibu lisisikie maumivu, jengine likatembea mpaka miguu iume, jengine likakaa bila ya zoezi, mwaka mzima wote majumbani kwao. La taratibu halikupata chochote zaidi ya waliokaa. La maumivu umbali wanaoweza kutembea kwa dakika sita uliongezeka. Mshipa wenyewe hauzibuki, misuli ndo inajifunza kuitumia vizuri damu kidogo inayofika. Ila ikianza kukuuma umekaa, au usiku, au kidonda mguuni hakifungi, hapo si pa mazoezi, kimbilia spitali.

Mpemba_asili
Shukran. Mafuta nimeyaweka pembeni.

Sharifu_mbishi
Tafiti zote hizi za wazungu na mashine zao. Za watu kama sisi ziko wapi?

Kijana_Kikwajuni
Hapo sheikh umenigusa, nyingi ni za Ulaya na Amerika ya kaskazini, na zile za zamani zimejaa wanaume wa makamo. Hata ile maarufu ya Hambrecht ya 2004, waliolinganisha kuendesha baskeli dakika 20 kila siku na kuwekewa stenti, kile kijibomba cha kutanua mshipa wa moyo, kwa wagonjwa ambao hali yao imetulia, baada ya mwaka asilimia 88 ya wa baskeli hawakupata tukio lolote na wa stenti asilimia 70, walikua wanaume 101 tu Ujerumani. Asitokee mtu akanukuu hiyo akakataa stenti wakati ana shambulio, mshipa ulioziba sasa hivi unazibuliwa sasa hivi, baskeli baadae.

Ya karibu na sisi ni ya India, Yoga-CaRe, 2020, wagonjwa 3,959 waliotoka kwenye shambulio la moyo, spitali 24. Wakasema mashine na wataalamu hatuna, tufundishe yoga na kupumua. Vifo na matukio makubwa hayakupungua kwa kiasi cha kuaminika, lakini walijiona wana afya bora na walirudi kwenye shughuli zao zaidi. Mimi nnachokipenda hapo ni kwamba walianza na walichonacho. Sisi tuna ngazi za majumba ya Michenzani, tuna fukwe maji yakitoka, tuna msikiti mara tano. Nani amewahi kupima hapa mtu aliyerejea kwenda msikitini kwa miguu na aliyepelekwa kwa gari? Hiyo ni kazi ya vijana wetu wa chuo waifanye.

Bint_Jang'ombe
Na Ramadhani je? Baba anafunga na anatembea asubuhi.

Kijana_Kikwajuni
Kufunga kwenyewe aulize daktari wake kwanza hasa kama anakunywa dawa za kukojoa, ataishiwa maji. Akiruhusiwa, kutembea kuhamie baada ya kufutari, zikipita saa moja na nusu au mbili hivi tumbo limetulia. Na tarawehe aihesabu pia.

Ummu_Swaleh
Samahani naingia mwishoni. Mwanangu wa miaka 17 aliambiwa ana tatizo la valvu, vile vilango vya moyo, toka mdogo alikua akiumwa koo na viungo. Anapenda mpira sana. Nilivosoma hapa nikafurahi nikasema basi nimruhusu arudi timu.

Kijana_Kikwajuni
Mama Swaleh simama hapo. Hakuna nililoandika humu linalomhusu mwanao. Wote niliowataja juu ni wagonjwa wa mishipa ya moyo au misuli ya moyo iliyochoka. Valvu iliyobana ni jambo jengine kabisa, ikiwa imebana sana na kijana akakimbia, moyo unataka kutoa damu nyingi mlango ni mdogo, mapafu yanajaa maji au anaanguka. Kuna watoto wa valvu wanaocheza bila ya tabu na kuna wasiotakiwa kukimbia hata hatua kumi, anayejua yupi ni yupi ni aliyeisoma eko. Ya mwisho alifanya lini?

Ummu_Swaleh
Ina mwaka sasa na zaidi. Ameandikiwa nyengine Jumatano ijayo.

Kijana_Kikwajuni
Basi asicheze mpira mpaka hiyo Jumatano apimwe. Muulize daktari kwa maneno haya, valvu gani, imebana au inavuja, kwa kiasi gani, na anaruhusiwa kucheza au kutembea tu. Mwambie akuandikie kwenye kadi. Na ile sindano ya penisilini ya kila mwezi, ya kuzuia yale maradhi ya koo yasirudi kuharibu valvu, asiikose hata akiwa hana homa.

Ummu_Swaleh
Hiyo alikatisha mwaka jana, alisema inamuuma.

Kijana_Kikwajuni
Mueleze daktari hilo kabla ya yote.